Mwendo wa Mtoto Ndio Mwendo wa Wote

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kazi: bei za mazao, mishahara, mashamba na viwanda, na wajibu wa kila mwanachama katika tawi lake. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yao wataliona dogo, lisilostahili wino wa ukurasa huu. Nalo ni jambo la baba na mama kuwachukua watoto wao wadogo, siku ya mapumziko, na kwenda nao kwa miguu kuyatazama maporomoko ya maji. Twasema kwamba jambo hili si dogo. Mwenye kulidharau atalifanya ovyo. Na mwenye kulifanya ovyo aweza kumpoteza mtoto majini, au, kwa uchache, aweza kumfundisha mtoto kuichukia milima ya nchi yake mwenyewe.

Tuanze na haki yenyewe ya kupumzika. Taifa letu lilipopata uhuru mwaka 1961 lilishika kauli ya "Uhuru na Kazi". Kauli ile ilikuwa ya kweli, nayo ni ya kweli hata leo. Walakini wako watu walioifasiri kana kwamba mfanyakazi ni ng'ombe wa nira, asiyefunguliwa ila giza likiingia. Sivyo hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema wazi kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, kwamba mfanyakazi apate saa 24 za mapumziko kila wiki, na kwamba apate likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Haki za namna hii hazikuanguka kama mvua. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947 walikuwa wakidai ujira na hali bora ya kazi, na wengi baada yao wakadai vivyo hivyo, hata madai yakawa sheria.

Basi yafaa tujiulize: mapumziko yaliyopatikana kwa gharama hiyo twayatumiaje? Wengi wetu akina baba, ikifika siku hiyo, hutoka asubuhi kwenda barazani au kilabuni, na kurudi nyumbani usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala. Mama naye siku hiyo hiyo hufua, hupika, huteka maji na kuwaogesha watoto, yaani hafanyi mapumziko bali hubadili kazi. Na watoto hukua wakimjua baba yao kama wamjuavyo mgeni mheshimiwa: mtu wa kuamkiwa na kupishwa kiti, si mtu wa kuandamana naye njiani. Chama kisichosema neno juu ya hali hiyo kitakuwa kimejenga matawi na kuisahau nyumba.

Tena liko jambo la nchi. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwa niaba ya Serikali kwamba wanyama wetu na mapori yao yatatunzwa kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Ahadi ile imetimizwa kwa sehemu kubwa: hifadhi zipo, misitu ipo, maporomoko yapo. Lakini wajukuu wenyewe wa siku zile wako wapi? Aghalabu wako mjini, wakiyaona maporomoko ya Tanzania katika kalenda ya ukutani, huku wageni waliovuka bahari wakiyaona kwa macho yao. Urithi usiotembelewa na mrithi ni kama shamba lisilopaliliwa. Haupiti muda mrefu mrithi huusahau mpaka wake, na akishausahau hatasema neno siku utakapokatwa vipande na kuuzwa.

Hayo ndiyo yanayotufanya tuwahimize wanachama na wafanyakazi waende. Lakini kuhimiza peke yake hakutoshi, kwani safari ya namna hii ina kanuni yake. Mwandishi wa maneno haya hajitoi katika lawama, kwa kuwa kanuni hiyo aliivunja kwanza ndipo akaijua. Naomba niieleze habari hiyo kama ilivyokuwa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo na jamaa yangu katika bonde la Kilombero, kwa shemeji yangu ambaye hufanya kazi katika mashamba ya miwa. Atazamaye magharibi kutoka mashamba yale huiona Milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta wa kijani kibichi. Sehemu ya milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, yenye eneo la kilomita za mraba 1,990. Hamna barabara ya magari ndani ya msitu ule. Aingiaye huingia kwa miguu, awe tajiri au maskini. Jambo hilo lilinipendeza sana. Na katika milima hiyo yako maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170. Niliposikia hesabu hiyo nikasema moyoni, "Hayo ndiyo nitakayowaonyesha wanangu."

Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto, kijana wa miaka kumi, msichana wa miaka saba, na mdogo wao wa miaka minne. Asubuhi ile sikuwa na haraka. Nilikunywa chai, nikasoma gazeti, nikaongea na shemeji habari za chama cha wafanyakazi. Tukafika mahali pa kuanzia safari saa 5, jua limekwisha kali. Kijana aliyepewa kutuongoza alituamkia kwa adabu, akamtazama mtoto mdogo, akauliza, "Mzee, huyu ana miaka mingapi?" Nikamjibu. Akasema, "Basi, Mzee, ningewashauri mwende yale ya karibu, kule Mang'ula. Haya ya juu ni mwendo wa saa nne kwenda na kurudi, tena kwa mtu mzima." Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mikutanoni, kwamba hatukutoka mbali namna ile kuja kutazama maji madogo.

Wasomaji wamekwisha bashiri yaliyofuata. Baada ya saa moja ya kupanda, mtoto alikaa chini juu ya mzizi, akakataa kusimama. Nikambeba mgongoni. Baada ya nusu saa nyingine ikanibidi nimshushe, maana miguu yangu mwenyewe ilikuwa ikitetemeka. Mama watoto alikuwa amejitwika kikapu cha chakula, maana hatukugawana mizigo. Aliteleza penye udongo mbichi, akaanguka na kuchubuka goti. Maji ya kunywa, chupa mbili kwa watu watano, yakaisha. Tulifika mahali ambapo tulisikia mvumo wa maporomoko nyuma ya miti, lakini hatukuyaona. Kiongozi wetu alitazama jua, akanitazama mimi, wala hakusema neno. Nikasema turudi.

Njiani mdogo aliniuliza, "Baba, maporomoko yamehama?" Nilicheka, ingawa hapakuwa na la kuchekesha. Lililonichoma zaidi ni neno la msichana wa miaka saba. Alisema polepole, bila kulia, kwamba yeye hatapanda mlima tena maisha yake yote. Hapo nilijua kosa langu. Nilikuwa nimekwenda kumpa mtoto sehemu ya nchi yake, nami kwa kiburi changu nimemnyang'anya.

Niliposoma shule ya misheni tulifundishwa habari za Yakobo, ambaye ndugu zetu Waislamu humwita Nabii Yaakub. Aliporudi kwao baada ya miaka mingi alilakiwa na ndugu yake Esau, mtu wa vita, aliyefuatana na watu 400. Esau alitaka waandamane pamoja. Yakobo akakataa kwa upole. Alisema kwamba watoto wake ni wachanga, na mifugo inanyonyesha, na kwamba wakikimbizwa siku moja tu wataangamia. Bwana wake na atangulie, yeye atakuja taratibu, kwa mwendo wa watoto. Nilikariri kisa hicho nikiwa mvulana, nikapata alama nzuri, wala sikukielewa. Nilikielewa pale Udzungwa, nikiwa na mtoto mgongoni na mke anayechechemea. Yakobo hakusema, "Wabebeni watoto ili twende na Esau." Alisema mwendo wa watoto ndio utakaokuwa mwendo wa msafara wote. Hiyo ndiyo kanuni, nayo haina nyingine.

Mwaka uliofuata tulirudi. Safari hii tulikwenda yale maporomoko madogo yaliyo karibu na makao makuu ya hifadhi, pale Mang'ula, yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe wa porini, WWF. Njia yake ni fupi, yapata kilomita moja. Mtu mzima aendaye haraka angekwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Sisi tulitumia asubuhi nzima. Robo ya asubuhi hiyo tulimaliza tukimtazama jongoo mweusi, mrefu kama kalamu, akivuka njia. Maana mdogo alikataa katakata kumpita kabla hajafika ng'ambo. Tuliwasikia mbega juu ya miti kabla ya kuwaona. Tulipofika penye maji, msichana aliyeapa kutopanda mlima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama juu zaidi kuna mengine. Nami nikamwambia yapo, nayo yatamngoja mpaka miguu yake iwe mirefu.

Kutokana na makosa yale na heri hii twawaletea wasomaji mashauri yafuatayo, tukiamini kwamba yatafaa Udzungwa na pengine pote. Maana nchi yetu haina uhaba wa maji yaangukayo. Kilimanjaro kuna Kinukamori pale Marangu na Materuni juu ya mji wa Moshi. Usambara kuna Soni, kando ya barabara iendayo Lushoto. Morogoro kuna mito iterereka kutoka Uluguru. Rukwa kuna Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200. Kila mmoja aanze na yale yaliyo karibu naye.

Kwanza, chagua maporomoko kwa miguu, si kwa sifa. Usiulize, "Yana urefu gani?" Uliza, "Njia ina urefu gani, ina kupanda kwa namna gani, na mtoto wangu mdogo kabisa ametembea umbali gani bila kubebwa?" Mtoto wa miaka minne akienda kilomita moja ya kupanda, kisha akairudi, amefanya kazi ya kiume. Hesabu muda wa mtu mzima, kisha uuzidishe mara mbili, na juu yake uongeze muda wa jongoo. Kama huijui njia, waulize wenyeji au walinzi wa hifadhi. Na wakikupa shauri, ulisikilize, hata kama mwenye kulitoa ni kijana na wewe ni mzee wa tawi. Udzungwa wamo tembo na nyati. Kiongozi si pambo, ni ulinzi.

Pili, chagua majira. Wakati wa masika, Machi hata Mei, njia huteleza na mito hujaa. Huo si wakati wa watoto wadogo. Kiangazi, Juni hata Oktoba, ndiyo majira mema. Na tazameni jinsi kalenda ya taifa ilivyotusaidia: Sabasaba, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, na Nanenane, siku ya wakulima, zote mbili huangukia kiangazi. Anayesema hana siku, siku hizo mbili zimo mbele yake kila mwaka. Na siku yenyewe, ianze mapema. Saa 1 iwakute njiani, saa 2 iwakute mwanzo wa kupanda, na saa 7 iwakute mmekwisha teremka. Mvua za milimani hupenda mchana. Jua pia hupenda mchana. Na mtoto aliyekosa usingizi wake wa mchana ni mzigo mzito kuliko gunia la mahindi. Wenye kusali adhuhuri nao watapata wasaa wao kwa utulivu.

Tatu, mizigo na igawanywe. Hapa twataka kusema kwa nguvu. Siku ya mapumziko si siku ya mapumziko kama mama ameamka saa 10 za usiku kupika, akafunga vyakula, akajitwika kikapu, akambeba mtoto, kisha jioni akarudi kuosha vyombo, huku baba akitembea mbele na fimbo mkononi. Usawa tunaouhubiri majukwaani uonekane njiani. Chakula kiwe chepesi kutengeneza: viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa tangu jana, mayai, maandazi, karanga, ndizi mbivu. Maji safi ya kunywa yasipungue lita moja kwa kila mtu, wala msitegemee kunywa ya mtoni. Baba ashike maji, maana ndiyo mazito. Kijana mkubwa ashike chakula. Hata mdogo apewe kitu chake cha kushika, japo ndizi mbili katika mfuko wa kitambaa, ili naye ajue kwamba msafara huu ni wake. Khanga moja ya ziada isikosekane: itakuwa mbeleko mtoto akichoka, itakuwa mkeka wakati wa kula, itakuwa taulo akilowa.

Nne, mavazi. Kandambili ni za nyumbani. Mtoto avae viatu vya kufunga. Vile vya raba avaavyo shuleni vinatosha kabisa, wala hapana haja ya kununua vipya. Suruali ndefu na soksi zitamkinga na siafu, kupe na upupu. Sweta moja achukue, maana ukungu wa maporomoko una baridi hata wakati wa jua. Na katika kikapu mtie bendeji, sabuni kipande, dawa ya kidonda, na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa mtoto aliyeharisha. Vitu hivyo havizidi uzito wa kitabu.

Tano, mwendo wenyewe. Mtu mzima mmoja awe mbele, mwingine awe nyuma, na watoto wawe katikati. Aliye mdogo kabisa awe karibu na wa mbele, ili yeye ndiye apime hatua. Pumzikeni kabla hamjachoka. Mtoto asiharakishwe kwa kutishwa na chui au kwa kulinganishwa na mwenzake. Avutwe kwa maswali. Mwulizeni maji haya yanakwenda wapi. Kisha mwambieni: yanakwenda bondeni, yanaingia mto mkubwa, na hatimaye yanafika Rufiji, ambako taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mwambieni kwamba taa anayosomea usiku ni mtoto wa maporomoko. Mwambieni pia juu ya kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walimjua siku zote. Masomo kama hayo hayasahauliki, kwa sababu yameingia kwa miguu.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote: maji. Maporomoko ni mazuri kwa macho, wala hayana urafiki na mtoto. Mawe yaliyo karibu nayo huota ukoga wa kijani, unaoteleza kuliko sabuni. Dimbwi lililo chini yake huonekana la kufika magotini, kumbe katikati ni shimo lililochimbwa na maji kwa miaka isiyohesabika. Mtoto azamaye mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya, mama akiwa anakata ndizi na baba akiwa anapiga picha. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kikapu, kabla ya kutoa simu mfukoni, wekeni zamu: mtu mzima mmoja, ambaye jina lake limetajwa mbele ya wote, kazi yake iwe kuwatazama watoto tu, na asiwe mbali kupita urefu wa mkono na mdogo kabisa. Wasipande juu ya mwamba ambako maji huanzia kuanguka. Wachezee pembeni, penye maji ya vifundoni na yasiyokwenda mbio. Na maji yakibadilika rangi ghafula, yakawa mekundu, au yakaanza kuleta majani na vijiti, ondokeni mara moja mpande ukingoni, hata kama juu yenu jua linawaka. Maana mvua imenyesha mlimani, na mto una habari ambayo ninyi hamjaipata.

Saba, kurudi. Mkubali kurudi kabla ya kufika, ikiwa mtoto amechoka au wingu limetanda. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kung'ang'ania. Takataka zote mlizokuja nazo ziteremke nanyi. Taifa lilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa tupu na maganda ya peremende bado twayaona yamelala chini ya miti. Wala msiwape nyani chakula, kwani nyani aliyelishwa leo kesho atamnyang'anya mtoto wa mwingine. Na kabla ya kutoka nyumbani mwambieni jirani au ndugu mnakokwenda na saa mtakayorudi, ili msiporudi awepo mtu wa kuuliza.

Twajua kwamba wako watakaotupinga. Mmoja atasema, "Mambo haya ni ya wenye nacho." Tumjibu kwamba tumetaja viazi, raba za shule na khanga. Kiingilio kipo katika hifadhi, lakini raia hulipa kwa kiwango cha raia, na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Maporomoko mengi yaliyo nje ya hifadhi husimamiwa na vijiji vyenyewe, na fedha inayotolewa pale hubaki karibu na wenyeji. Mafundi watatu au wanne wa kiwanda kimoja wakichanga nauli ya gari moja, jamaa zao zote zitakwenda.

Mwingine atasema, "Mtoto wa kijijini hutembea kila siku, kwenda shule na kwenda mtoni, kwa nini tumtembeze tena?" Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, nasi twaiheshimu. Ni kweli kwamba wapo watoto ambao kilomita tano kwao ni adhabu ya kila asubuhi, na kazi ya kuwapunguzia mwendo huo, kwa visima na kwa shule za karibu, haijakwisha. Lakini mtoto huyo hutembea kwa sababu ametumwa. Hajapata kutembea kwa sababu amependwa. Hajapata kuona baba yake amesimama, hana haraka, akimngoja amtazame jongoo. Tofauti ya mwendo na mwendo ni hiyo, naye ataikumbuka hata atakapokuwa na watoto wake.

Twayaomba matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi viyatafakari haya. Yapo mahali pa kazi ambapo kila mwaka hufanywa tafrija ya wafanyakazi, nayo huishia katika hotuba, nyama na vinywaji, wake na watoto wakiwa nyumbani. Fedha ile ile yaweza kuwapeleka wote asubuhi moja penye maji, mkurugenzi na mfagizi wakiandamana katika njia moja nyembamba, wala hapana atakayetangulia kwa cheo chake, kwa kuwa mtoto wa mfagizi wa miaka minne ndiye atakayekuwa amepewa kupima mwendo.

Na tukisema kweli, mashauri haya si ya maporomoko peke yake. Chama hiki kilipoanza kiliahidi kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Ahadi hiyo ni rahisi kuitamka jukwaani, maana jukwaani wote wamesimama mahali pamoja. Hupimwa njiani, penye kupanda, wakati wenye nguvu wameusikia mvumo wa maji na wanatamani kukimbia. Hapo ndipo ijulikanapo kama msafara una kiongozi au una mtu aliyetangulia tu.

Msichana wangu sasa ana miguu mirefu. Kiangazi kijacho, Mungu akipenda, tutakwenda Sanje. Nimemwahidi kwamba safari hii nitayasikiliza maneno ya kiongozi, nitashika maji mimi mwenyewe, na tutatoka saa 1. Yeye ameniuliza swali moja tu, kama nitaweza kufuata mwendo wake. Nimemwambia kwamba akiona nimechoka, anajua la kufanya.